Mstari wa Kijani Machame

Lori la Fuso lilikata kona ya Machame nusura lipinduke.

Hilda Kimaro alikuwa mita arobaini nyuma yake, juu ya pikipiki ya Honda, bastola ya Glock kiunoni, kisikizi sikioni.

"Usifyatue risasi," ilisema sauti ya Ebenezeri, mkuu wake, kutoka Dar es Salaam. "Kwenye karatasi yale magunia ni mrututu, dawa ya mibuni. Ukilizuia lori bila ushahidi, wakili wao atalitoa kabla jua halijazama."

"Na nikipata ushahidi?"

"Basi ni lako."

Fuso liliingia kwenye ua wa ghala la wakulima. Watu kama sitini walikuwa wamepanga foleni mchana ule, kila mmoja na ndoo yake. Kando ya magunia alisimama Renko, mgeni mwenye miwani ya Ray-Ban, ambaye Idara yao ya ujasusi ilimwinda kwa miezi minane. Nia yake ilijulikana: kahawa ya mlima ikutwe na sumu huko ng'ambo, wakulima wakate tamaa, naye ayanyakue mashamba kwa bei ya kutupa.

Hilda alijipenyeza, akachota unga kijiko kimoja. Wa buluu, kama mrututu wowote.

Nyuma ya tangi la maji alivaa barakoa, akauchoma kwa moto wa gesi.

Ukawaka kijani.

Haikusaidia kitu. Shaba iliyomo kwenye mrututu huwaka kijani. Thaliamu, sumu isiyo na ladha wala harufu, nayo huwaka kijani. Hapo jicho la binadamu halifui dafu.

Akaelekeza spektromita, kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichounganishwa na simu yake ya Samsung. Kila elementi ikiunguzwa hutoa mwanga wake, na mwanga huo ukichambuliwa hujipanga kwa mistari isiyofanana na ya nyingine, kama alama za vidole. Kioo kilionyesha mikanda mipana ya shaba.

Na juu ya mikanda hiyo, mstari mmoja. Mwembamba, mkali kama wembe.

Nanometa 535.

"Thaliamu," alisema. "Wameichanganya na mrututu wa kweli."

"Una uhakika?"

"Mwanga hauhongeki, mkuu."

"Kamata."

Risasi ya kwanza ya Hilda ilipasua tairi la Fuso. Watu wakalala chini. Renko aliingiza mkono kotini, lakini kiwiko cha Hilda kilishatua kooni mwake. Pingu zikalia.

Renko alicheka, damu midomoni. "Umechelewa. Hili ni lori la pili. La kwanza lilipanda wiki tatu zilizopita."

Hilda alimgeukia bibi aliyekuwa akijikung'uta vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Eliona."

"Dawa ya mwanzo, nani aliichukua?"

"Sisi sote. Tumeshapulizia. Ndoo tukasuuzia mferejini." Bibi alisita. "Mzee wangu miguu inamwaka moto, hata shuka hataki limguse. Zahanati wakasema ni ugonjwa wa sukari."

Akafungua kilemba. Kichwa kilikuwa na mabaka matupu, kama shamba lililoliwa na viwavi.

"Mfereji huo unakwenda wapi?"

"Vihamba vyote vya huku chini, kila nyumba na migomba yake. Ndiyo maji tunayokunywa."

Hilda alipanda juu ya magunia, akawatangazia wasiuguse mfereji tena.

"Mkuu, dawa ya kuwatibu?"

"Nchini hakuna hata dozi moja. Itatoka ng'ambo. Siku sita."

"Kuna watu hapa hawana siku sita."



"Kazi yako imekwisha, Hilda. Hongera. Polisi watamchukua Renko. Rudi Moshi, ndege inakungoja."

Bibi Eliona alimshika mkono. "Mzee wangu atapona?"

Idarani walimfundisha kudanganya kwa lugha nne.

"Sidhani, bibi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaokota ndoo yake.

Polisi walipofika, Hilda aliwakabidhi Renko na funguo za pingu. Kisha akachomoa kisikizi, akakitia mfukoni, akaanza kushuka kwa miguu kando ya mfereji kuwaonya waliobaki majumbani, taratibu, bila kugeuka nyuma.

Katika kihamba cha kwanza mlango ulikuwa wazi.

Alibisha hodi mara tatu. Hakuna aliyeitikia.