Kitambaa Cheupe Mlangoni

Haya ni kweli tupu, naapa. Mkinikuta na uongo hata wa kijiko kimoja, nitazibua mtaro wa mtaa mzima, tena peke yangu.

Fundi cherehani aliishi peke yake tangu mkewe afariki. Jioni alipika chai ya vikombe viwili kwa mazoea, akanywa vyote. Redio ilisema, naye akaijibu.

Mtaa wao ulikuwa bondeni. Kabla ya mvua, kamati ya maafa ilimwomba akate vitambaa vyeupe, kimoja kwa kila nyumba. Manispaa ikitangaza hatari, watu wahamie shuleni, kule mlimani. Anayetoka afunge kitambaa mlangoni. Waokoaji wakikiona, wanajua nyumba ni tupu, wanapita.

Gari la matangazo lilipopita, vijana wa kamati waligonga.

"Fundi, twende! Mto umefurika!"

"Tangulieni, wanangu. Nakuja."

Hakwenda. Cherehani ilikuwa ya marehemu mkewe, ataiachaje? Ili wasimsumbue tena, alifunga kitambaa mlangoni, akajifungia ndani.

Maji yakapenya chini ya mlango. Yakapanda. Fundi akaiweka cherehani mezani, naye akapanda hapo hapo. Maji yakafika dirishani. Samaki wakaingia kwenye droo ya vifungo, mmoja akatoka na kifungo mdomoni. Redio ikazimika. Nje, mashua ya zimamoto ikanguruma.

"Hii ina kitambaa. Twende inayofuata."

Fundi alipiga kelele. Injini ikamshinda. Kisha kimya. Hapo ndipo alipojua kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyejua yuko wapi.

Kule shuleni, muuguzi, jirani yake wa ukuta mmoja, hakusikia kile kikohozi cha fundi alichozoea kukisikia ukutani kila usiku.

"Fundi yuko wapi?"

"Ametoka, mama. Mlango wake una kitambaa."

"Kitambaa kinakohoa? Rudisheni mashua!"

Walimkuta juu ya meza, ameikumbatia cherehani, wakamleta shuleni.

"Mzee wangu, umetutia wazimu," muuguzi alisema, akimfunika blanketi. "Kitambaa kifungwe mtu akiwa nje, na mwanakamati ameshaangalia ndani. Na anayeishi peke yake awe na mwenzake wa kumgongea."

"Na cherehani?"

"Ipandishe darini mapema. Yenyewe ikilowa itakauka. Wewe je?"

Kamati ikafuata maneno yake. Mvua iliyofuata, cherehani ilikuwa darini, na fundi ndiye aliyemgongea muuguzi.

"Upo?"

"Nipo, twende!"

Siku hizi wanagongeana hata kiangazi. Muuguzi akiwa zamu ya usiku, fundi bado hunywa vikombe vyote viwili.

Nilimsomea muuguzi haya. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Dirishani? Na samaki mwenye kifungo? Maji yalifika kiunoni, babu wee! Na kiunoni panatosha kumzamisha mtu. Haya, koleo hilo."

Basi niko mtaroni, matope mpaka magotini. Kwa kiapo changu, fundi haruhusiwi kunisaidia. Amekaa ukingoni tu, na vikombe viwili.