Mwendo Usiohisika

Nasiha alikuwa mpakaji hina. Alikaa Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viungo. Asubuhi harufu ya iliki ilipanda ngazi ikaingia chumbani mwake. Wanawake walimjia kabla ya harusi. Walikaa mkekani wakampa mikono yao, naye akawachora maua polepole. Mikono yake ilifanya kazi, lakini mawazo yake yalitembea mbali.

Tangu utotoni alipenda kujiuliza mambo. Kwa nini mwezi hauanguki? Kwa nini maji ya mtungini hupoa bila barafu? Mumewe, Taib, alikuwa fundi wa mafriji. Alipenda kumsikiliza mkewe akiuliza, ingawa majibu hakuwa nayo.

Taib alikuwa na gari dogo kuukuu la kubebea vifaa vyake. Kila Jumapili walivuka nalo kwa feri hadi Likoni, kumtembelea mama yake Taib, Bi Mwanaesha. Taib alishika usukani, Nasiha akakaa kando yake. Binti yao Fadhiya, wa mwaka mmoja na nusu, alikaa mapajani mwa mama yake. Nasiha alifunga mkanda. Fadhiya alishikwa kwa mikono tu. Hakuna aliyeona kosa. Nasiha mwenyewe alipakatwa hivyo alipokuwa mdogo, na Taib pia.

Jumapili moja, bahari ilikuwa imetulia. Feri ilipoondoka, Nasiha alishuka garini na mtoto, akasimama katikati ya watu waliokwenda kwa miguu. Alikuwa amenunua machungwa kwa wachuuzi. Akarusha moja juu ili amchekeshe Fadhiya. Chungwa lilipanda, likashuka, likatua kiganjani mwake. Akalirusha tena, likarudi tena. Fadhiya alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Nasiha aliacha kucheka. Alitazama majengo ya kisiwani yakirudi nyuma. Feri ilikuwa inakwenda. Chungwa lilipokuwa hewani, hakuna aliyelishika. Feri ilikuwa imesonga mbele hatua kadhaa. Basi kwa nini chungwa halikuanguka nyuma yake, juu ya yule mtu mwenye baiskeli?

Swali hilo lilimkaa kutwa nzima. Alikula wali wa mavyaa wake bila kujua ladha yake. Bi Mwanaesha alipoulizwa, alisema chungwa huanguka pale Mungu anapotaka lianguke, na kwamba mwanamke mwenye mtoto mdogo ana mambo mengi ya kufikiri kuliko machungwa. Taib alisema labda chungwa lilimpenda.

Katikati ya juma alikuja Mwalimu Rispah. Alikuwa mtu wa bara, aliyepanga chumba katika nyumba ya pili. Alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Tononoka. Mwalimu mwenzake alikuwa anaolewa, naye alitaka kwenda harusini akiwa amepakwa hina kama wenziwe.

Nasiha alimchora mkono mmoja, kisha wa pili. Hina ilipokuwa inakauka, Mwalimu Rispah alikaa amenyoosha mikono mbele, bila kugusa kitu. Hapo Nasiha akamweleza habari ya chungwa. Alitarajia mwalimu acheke. Mwalimu hakucheka. Alisema ni swali zuri, na kwamba watu wenye akili nyingi waliwahi kukesha nalo miaka mingi.

"Siwezi kukuchorea, mikono yangu imefungwa," alisema. "Kwa hiyo fumba macho. Jifikirie umelala, kisha umeamka ndani ya feri isiyo na dirisha hata moja. Bahari ni laini kama kioo. Injini haina sauti wala mtetemeko. Utajuaje kama feri inakwenda au imesimama?"

Nasiha alifumba macho. Akajiona katika chumba cheupe kisicho na dirisha.

"Nitarusha chungwa," alisema.

"Litarudi mkononi."

"Nitamimina chai."

"Itaingia kikombeni sawasawa."

"Nitatundika taa kwa kamba."

"Itaning'inia wima, kama hapa nyumbani kwako."

Nasiha alikuwa bado mle chumbani, akikitafuta kitu kimoja kitakachomwambia ukweli. Hakukipata.

"Basi sitajua," alisema.

"Hutajua. Mwendo usiobadilika hauhisiki. Chungwa lako lilikuwa tayari linakwenda na feri kabla hujalirusha. Ulipoliachia, halikupoteza mwendo ule. Lilipanda na kushuka, huku likiendelea kwenda mbele pamoja nawe."

Mwalimu akaeleza kwamba ndivyo ilivyo hata kwa dunia. Wao wawili walikuwa wamekaa mkekani, na huku dunia ikiwabeba angani kwa kasi kubwa kuliko ndege yoyote. Hawahisi kitu, kwa sababu dunia haikwami njiani. Nasiha alifumbua macho akautazama ukuta, pazia, na birika la kahawa. Kila kitu kilikuwa kimetulia. Ilikuwa kama nyumba nzima inaelea kimya kimya.

"Na ikikwama?" aliuliza.

"Feri ikigusa gati kwa nguvu kidogo, huwa inakuwaje?"

"Watu huinama mbele. Wengine hushikana."

"Nani huwasukuma?"

Nasiha alifikiri. Aliwaona wale watu, na vikapu vyao, na baiskeli zao. Hakumwona wa kuwasukuma.

"Hakuna," alijibu polepole. "Feri ndiyo iliyosimama. Wao bado wanakwenda."

"Ndiyo maana yake. Kila kitu huendelea na mwendo wake mpaka kitu kingine kikizuie. Sisi walimu tunaiita inesia."

Nasiha alikuwa ameanza kumpaka mwalimu hina kwenye unyayo. Mkono wake ukasimama, na ua likabaki nusu.

"Mwalimu, na gari?"

"Gari ni vilevile, ila hilo husimama ghafla zaidi. Likigonga, lenyewe linasimama, lakini waliomo bado wanakwenda kwa mwendo ule ule. Mkanda ndio unaowazuia."

"Na mtoto aliyepakatwa?"

Mwalimu Rispah alikuwa amewaona mara nyingi wakiondoka Jumapili, mtoto akiwa mapajani.

"Ataendelea mbele," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nitamshika kwa nguvu."

"Najua utataka hivyo. Lakini gari likigonga, hata kama halikuwa na kasi sana, Fadhiya atakuvuta mikono kama magunia matatu ya saruji. Itatokea kabla hujapepesa jicho. Hakuna mama anayeweza kuyashika magunia hayo. Mapenzi hayahusiki hapo, mama Fadhiya. Ni uzito na mwendo tu."

Nasiha alimtazama binti yake, aliyekuwa amelala kwenye mto, kinywa wazi. Siku zote aliamini kwamba mikono yake ndiyo mahali salama kuliko pote. Aliona uchungu kuambiwa kwamba garini haikuwa hivyo.

Mwalimu akamwelekeza la kufanya. Mtoto anahitaji kiti chake mwenyewe cha gari, kinachofungwa kwenye kiti cha nyuma. Kwa umri wa Fadhiya, kiti hicho ni vizuri kielekee nyuma ya gari. Gari likigonga, mgongo wote wa mtoto na kichwa chake vinaegemea kiti, na shingo yake laini haivutwi.

Taib aliposikia, hakukubali upesi. Alisema yeye ni dereva mwangalifu. Alisema gari lenyewe halina mbio, na Fadhiya atalia njia nzima. Nasiha hakubishana naye. Alimwomba tu waende pamoja kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana ya Mzamil, rafiki yake Taib. Mtoto walimwacha kwa mwalimu.

Uwanjani, Nasiha alifunga mkanda. Kisha akapakata mfuko wa mchele uliokaribia uzito wa Fadhiya. Aliukumbatia kama anavyomkumbatia mtoto.

"Endesha," alimwambia mumewe. "Ukiona sawa, funga breki kwa nguvu. Usinambie ni lini."

Taib aliendesha akizunguka taratibu. Walizungumza habari za friji ya jirani. Kisha akakanyaga breki. Mfuko ulimchoropoka Nasiha, ukagonga dashibodi, ukapasuka. Mchele ukamwagika miguuni pao kama mvua.

Waliutazama wote wawili.

"Hiyo ni breki tu," Nasiha alisema. "Hatukugonga kitu."

Taib alizima gari. Akaanza kuokota mchele, punje kwa punje, ingawa haukuwa wa kuokoteka. Kisha akauliza kiti cha mtoto kinapatikana wapi.

Dada yake Taib, Mahira, alikaa Ganjoni, na watoto wake walikuwa wamekua. Alikuwa na kiti stoo. Mwalimu Rispah alikuja kukikagua. Alimuuliza Mahira kama kiti kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogongwa, kwa sababu kiti cha namna hiyo huweza kuwa na ufa usioonekana. Hakikuwahi. Wakatazama mikanda yake kama imechanika, na maandishi ya ubavuni yanayoonyesha uzito wa mtoto na mwisho wa matumizi. Vyote vilikuwa sawa. Taib akakifunga kwenye kiti cha nyuma, akakibana kwa goti huku akivuta mkanda, mpaka kikakataa kutikisika.

Safari ya kwanza Fadhiya alilia mpaka Feri. Ya pili alilia kidogo. Ya tatu alitazama kioo cha nyuma, akaona mji ukimwacha polepole, taa na miti na watu wakipungua, akasinzia.

Aliyeumia moyo ni Bi Mwanaesha. Alisema mjukuu wake amefungwa kama mzigo, na mama yake yupo na mikono miwili. Alisema mwenye kuhifadhi ni Mwenyezi Mungu. Nasiha alimsikiliza kwa adabu. Alimjibu kwamba ni kweli, na kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyevipa vitu tabia ya kwenda mpaka vizuiwe. Uso wa Bi Mwanaesha haukukunjuka.

Wiki chache baadaye, Bi Mwanaesha alitaka kuja kisiwani kukaa nao siku mbili tatu. Walimpakia nyuma, kando ya Fadhiya. Katikati yao aliweka kikapu chake cha nazi. Nasiha alimwomba afunge mkanda. Alifunga ili kumridhisha mkaza mwana wake tu.

Walivuka salama. Walipofika upande wa Ganjoni, pikapu iliyokuwa mbele yao ilisimama ghafla. Taib alikanyaga breki. Gari lilipunguza mwendo, lakini nafasi ilikuwa fupi. Likagonga.

Baadaye Nasiha alisema kwamba aliuona muda ukinyooka kama uzi. Aliona kikapu kikipita baina ya viti, kimya, kama ndege. Aliona nazi zikielea mbele ya macho yake. Hakuna aliyezitupa. Zilikuwa zinaendelea tu na safari yao. Kisha kioo cha mbele kikapasuka, na sauti zote za dunia zikarudi kwa pamoja.

Nazi moja ilibaki juu ya dashibodi. Ilikuwa mbele tu ya pale ambapo zamani, Jumapili baada ya Jumapili, kilikuwa kichwa cha Fadhiya.

Nasiha aligeuka nyuma. Fadhiya alikuwa ndani ya kiti chake, ameegemea, macho yamemtoka. Kisha akafungua kinywa akalia kwa nguvu, na kilio hicho kilimfanya mama yake naye alie. Bi Mwanaesha alikuwa ameushika mkanda wake kifuani kwa mikono yote miwili. Taib alikuwa na mchubuko mkononi. Dereva wa pikapu alikuja mbio kuwasaidia kushuka.

Walikwenda hospitali kupimwa. Daktari alimgusa Fadhiya shingo, mgongo na tumbo, akamwangaza machoni. Hakupata jeraha. Aliuliza mtoto alikuwa amekaa wapi, na alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa taratibu akawaambia waende nyumbani.

Walipofika nyumbani, Bi Mwanaesha aliomba kumpakata mjukuu wake. Alimnusa nywele, akambeba chumbani huku na huko, akashika vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akamwita Nasiha akae karibu.

"Mwanangu," alimwambia, "yule mwalimu wako yuko nyumbani? Nataka anieleze mimi pia. Anieleze polepole."

Mwalimu Rispah alikuja. Mama huyo mtu mzima alifumba macho yake, akaingia katika feri isiyo na dirisha, akakaa humo muda mrefu.

Gari lilitengenezwa. Kiti cha zamani hawakukitumia tena, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha pata kishindo. Taib alitafuta kingine. Vifaa vyake na vikapu vyote alianza kuviweka nyuma kabisa, akivifunga kwa kamba.

Siku ya kumrudisha Bi Mwanaesha Likoni, waliingia ferini wakasimama kando ya gari jingine. Mbele ya gari hilo alikaa msichana mmoja amempakata mtoto mchanga. Bi Mwanaesha alimtazama. Akafungua mkanda wake, akashuka, akajitengeneza buibui. Akagonga kioo cha gari lile kwa kidole kimoja, kwa upole.

"Salaam aleikum, mwanangu," alisema. "Hebu nikuulize swali."