Ukuta Alioninyima Mume Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, elimu yangu ni kidato cha nne, na kwa sasa sina makazi ya kudumu. Leo utanikuta mnadani Katesh na vyungu vyangu, wiki ijayo Balangdalalu, baada ya hapo Dongobesh… Nikikaa mahali pamoja mwezi mzima, moyo unaanza kuniwasha. Wapo wanaodhani napenda kuzurura. Laiti wangeijua nyumba niliyoiacha!

Nyumba hiyo ipo Endasak, mteremkoni, na ukipita barabarani unaiona. Tuliijenga wawili, mimi na mume wangu Amsi. Yeye ni mchoraji, mimi ni mfinyanzi. Kazi hii nilifundishwa na marehemu mama yangu kule Nambis. Amsi alisomea sanaa Dar es Salaam, akarudi kichwa kimejaa nyumba alizoziona vitabuni. Paa bapa la zege. Kuta za saruji zisizopakwa rangi. Kioo kuanzia sakafuni hadi juu!

Na ndani, chumba kimoja tu. Picha zake upande wa kioo, meza yangu ya udongo katikati, jiko kwenye kona, na kitanda chetu mwisho kabisa, juu ya jukwaa la saruji. Hapakuwa na ukuta wa ndani hata mmoja. Amsi alisema wasanii hawana cha kufichana, na mwanga lazima utembee nyumba nzima bila kuzuiwa.

Sitadanganya, niliipenda. Asubuhi nilikuwa nauona Mlima Hanang kabla sijamwona mume wangu. Tulifanya kazi tukiwa tunaonana, yeye na brashi, mimi na udongo, na mara nyingi tulisahau hata kupika. Hadi leo nikiamka kwenye vyumba vya kupanga, naugeukia upande wa dirisha nikitafuta mlima ule…

Majirani walitutania. Mama mmoja muuza maharage aliniuliza mbele za watu kama fundi aliishiwa tofali. Mwingine akasema ile si nyumba, ni stendi inayosubiri mabasi. Tulicheka nao. Ni nani angejua kwamba kicheko kile kingegeuka kilio?

Baba yangu alikuja kutoka Nambis kuiona. Amsi alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamzungusha nje. Baba akalisifia paa, akasema limemkumbusha tembe alimozaliwa. Kisha akafika mlangoni… akakiona kitanda. Akageuza uso, akaketi kwenye kizingiti.

Kwetu mzazi hatazami kitanda cha binti yake na mkwewe. Nililijua hilo tangu utotoni! Lakini wakati tunachora nyumba, halikunijia hata mara moja.

"Binti yangu, nyumba ni nzuri," aliniambia kwa upole. "Ila hata tembe la baba yangu, tulimolala na ng'ombe, lilikuwa na kizuizi cha miti. Mimi hapa nitapita wapi?"

Alikunywa chai pale pale kizingitini, akaomba kulala kwa jirani, na asubuhi akarudi kwake. Amsi alisema wazee watazoea.

Basi baba akapatwa na kiharusi. Kaka yangu Bura alinipigia simu akilia. Upande mzima wa kulia ulikuwa umelala, na ulimi ulikuwa mzito. Alipotoka wodini tuliambiwa asikose mazoezi ya viungo, na mazoezi hayo yalikuwa yakifanyika Katesh. Kutoka Nambis ni mbali mno kwa mgonjwa. Kutoka kwangu ni karibu. Ndugu wote wakakubaliana baba akae kwangu, nami nilifurahi. Nilitandika godoro jipya, nikaona sasa nitamlipa mzee wangu wema wake.

Tulimleta kwa gari la kukodi, Noah. Amsi na Bura wakambeba. Walipofika mlangoni, baba alishika mwimo kwa mkono wake mzima na hakuuachia. Nikakimbia kutundika vitenge viwili kuzunguka kitanda. Akavitazama, akatikisa kichwa. Upepo wa mlangoni ulikuwa tayari unavipeperusha.

Baba yangu mzazi alilala kwenye banda langu la kuchomea vyungu… kati ya majivu na vigae! Na wala hakulalamika.

Nilimpigia Amsi magoti. Ukuta mmoja tu! Tofali zilikuwepo nyuma ya nyumba, na fundi jirani alijitolea kuzipanga bure kwa heshima ya mzee. Amsi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Paulina, ukuta ukisimama humu, mwanga umekufa. Mwanga ukifa, mimi nitachora nini?"

Nikamwomba basi tuweke mbao, tutazitoa mzee akipona. Akasema niliikubali ramani mwenyewe, kwa hiyo nisimgeuke. Akasema mzee ni mbishi tu, hataki mambo ya kisasa. Jioni nilikuta vitenge vyangu vimeteremshwa na kukunjwa vizuri juu ya kiti.

Upepo wa mlimani ukazidi, baba akaanza kukohoa. Mwishowe alimwambia Bura amrudishe nyumbani. Ningefanya nini? Nilipanda naye gari, nikaenda kumuuguza Nambis.

Mazoezi yakakoma. Nilimkanda mkono na mguu kama nilivyowaona wauguzi wakifanya, lakini mimi najua kukanda udongo, sijui kukanda mishipa. Kila nilipopata mtandao nilimpigia Amsi. Nilimbembeleza, nilimlilia, nilimkumbusha tulikotoka. Jibu lilikuwa moja: bado anafikiria, ukuta si jambo la haraka. Nami nikampa baba matumaini. Nilimwambia mkwe wako anafikiria, vumilia kidogo…

Baba alifariki wakati wa kuvuna mahindi. Amsi alikuja mazikoni, akalia na watu, akatupa udongo kaburini. Kesho yake asubuhi akaondoka, akisema ana kazi za watu zinamsubiri.

Matanga yalipokwisha, nikarudi Endasak. Nikafungua mlango… nikasimama.

Kulikuwa na ukuta.

Ukuta wa tofali, wenye lipu laini, wenye mlango na kitasa, umekata chumba pale pale nilipoomba. Mlango huo ukafunguka, akatoka binti mmoja mwenye rangi mikononi. Akaniamkia vizuri, akanipa pole ya msiba, akasema anaitwa Neema, amekuja kutoka Dar es Salaam kujifunza uchoraji kwa mume wangu.

Niliweka kiganja ukutani. Nimeshika udongo tangu utotoni, najua kitu kilichokauka jana na kilichokauka zamani. Ukuta ule ulikuwa mkavu kabisa.

Nikamuuliza Neema alifika lini. Maskini, hakujua anachokisema.

"Nilikuja mahindi yakiwa bado mabichi, dada. Nikaona aibu kulala wazi, nikataka kurudi. Mwalimu akaniambia nisiondoke, akaita fundi siku hiyo hiyo."

Mahindi mabichi! Baba alikuwa hai! Alikuwa amelala Nambis akisubiri jibu, na mimi nikimwambia avumilie!

Amsi alikuwa ameketi mbele ya picha yake. Hakuinuka. "Si ndio ukuta uliokuwa unautaka?" akaniuliza.

"Na mwanga?"

Akafikiri kidogo. "Haukupungua sana," akasema.

Niliondoka na nguo zangu. Amewatuma wazee mara mbili, nimewaamkia, nimewapa chai, nimewakatalia. Watu huniuliza kama yule binti alikuwa hawara wake. Sijui, na wala sijachunguza. Mtu huvumilia mengi kwenye ndoa. Lakini kile alichosema hakiwezekani kwa baba yangu, kiliwezekana kwa mgeni kwa siku moja… Hilo nitalisahau vipi?

Sasa wewe unayechora nyumba na mwenzako, weka kalamu chini kidogo. Muulize: wazazi wenu wakiugua, watalala wapi? Mzazi akisita mlangoni kwako, usimwite mshamba, muulize anaona nini.

Na kama umeshakuwa kwenye shida kama yangu, nakusihi usibembeleze kama mimi. Mikono nilikuwa nayo, na pale Katesh vyumba vya kupanga vilikuwepo. Ningemchukua baba siku ile ile alipolala kwenye majivu, tukaenda, tukaanza mazoezi. Lakini nilingoja ruhusa ya mtu… na baba akaingoja pamoja nami, hadi pumzi zikamwishia. Usingoje, ndugu yangu. Mchukue mzee wako leo, mwondoke.