Vyura Katika Filamu ya Kifungo

Kila jioni Kifungo huketi kando ya cherehani ya mama yake, akishona vifungo vya sare. Ndiko lilikotoka jina lake la utani. Jioni hii vidole vilishona, moyo ukipanga kisasi.

Kasuku, msichana wa darasa lake, alikuwa amemrekodi kwa simu akisinzia darasani, ute ukimtiririka kidevuni. Akaongeza sauti ya vyura, akaisambaza video. Tangu hapo Kifungo akipita tu, darasa zima hulia kichura.

"Atanikoma," aliapa. "Dawa ya moto ni moto."

Nafasi ikajileta. Mwalimu aliagiza kila mwanafunzi atengeneze filamu fupi ya simu kuhusu kazi za nyumbani, zioneshwe ukutani mbele ya wazazi. Aliwafundisha kuegemeza simu isitikisike, kutumia mwanga wa mlangoni, na kuifuata mikono, maana mikono haijui kudanganya.

Kifungo akaazima simu ya mama, akanyata hadi nyuma ya nyumba ya Kasuku, akaiegemeza dirishani. Ndani, Kasuku alikuwa akimlisha supu baba yake, dereva wa lori aliyepooza upande mmoja baada ya ajali. Supu ilimchuruzika kidevuni. Binti akaifuta taratibu, akamtania, na baba akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

Picha ilipendeza ajabu: mwanga, kijiko, mkono mdogo kwenye shavu lenye mvi. Kifungo hakujali. Akaweka sauti ya vyura.

Mama alipoitazama filamu hiyo, alisimamisha cherehani.

"Hawa vyura umemwekea nani?"

"Kasuku, mama. Naye aonje."

"Mbona anayechekwa hapa ni mgonjwa? Mzee wa watu amekukosea nini?"

Mama akamwambia kuwa kuchungulia ni wizi pia, na Mungu huona hata nyuma ya nyumba. Akamwagiza aondoe vyura, kisha aende kuomba radhi na ruhusa.

Alikwenda akiburuta miguu, bado ana hasira. Alimwamkia mzee, akaungama, akamwonesha yeye na Kasuku ile filamu. Kasuku alipokiona kidevu cha baba yake kikitiririka, alikumbuka kidevu kingine. Machozi yakamtoka.

Baba akasema kwa shida, neno moja moja, "Ioneshe. Watu wajue nina binti."

Siku ya maonesho, filamu ilioneshwa ukutani bila vyura. Wazazi wawili waliuliza nyumba ya dereva ilipo, na sasa hupokezana kwenda kumnyanyua kitandani. Kasuku naye alisimama mbele ya darasa, akaifuta ile video na kuomba msamaha. Vyura wakanyamaza.

"Mama, bado nilitamani Kasuku aaibike," Kifungo alisema jioni, uzi ukiwa mdomoni.

"Najua, mwanangu. Lakini simu ni kama huu mkasi wangu. Ukikata kwa hasira, kitambaa kinaharibika na nguo hupati. Wewe umekata vizuri, na mzee wa watu amevaa heshima."