Zambarau za Bibi Mdachi

Kila alfajiri Jaha aliteka maji korongoni, akaokota kuni, kisha akamfuata mjomba wake Mrisho kazini. Mrisho alikuwa mpishi wa Mdachi, Mjerumani aliyesimamia stesheni ya reli ya Dodoma, na mabaki ya jiko lile ndiyo yaliyowalisha wote wawili. Mwaka huo mvua zilichelewa na maghala yalikuwa matupu. Njaa ilikuwa njaa kweli, si mchezo!

Asubuhi ya Krismasi mke wa Mdachi, Bibi Mdachi, alitaka chapati ya kwao. Ni unga wa ngano, mayai na maziwa, iokwe ndani ya jiko la chuma mpaka ivimbe, na tumboni ijae zambarau.

"Jaha, mwanangu, kachume zambarau kwenye mti wa korongoni," alisema Mrisho. "Kikapu kijae, na usidokoe."

"Sawa, mjomba."

Loo! Mwenye njaa hana miiko. Jaha alikula moja, akala ya pili, mara kikapu kikabaki nusu na mti umebaki majani. Alijua ulimi wake umegeuka rangi, akausugua kwa majivu ya moto wa wachungaji mpaka ukamwasha.

"Mti haukuwa na zaidi ya hizi," alimwambia mjomba wake.

Mrisho alimtazama usoni, akapokea kikapu. Akaonja zambarau moja ajue kiasi cha sukari, kisha akaoka. Chapati ilivimba vizuri, lakini Bibi Mdachi alipoikata alikuta matunda machache mno. Mti ule aliuona jana yake, umejaa tele.

"Nani ameiba? Toeni ndimi!"

Ulimi wa Jaha ulikuwa safi. Wa Mrisho ulikuwa na doa la zambarau.

"Nimeonja moja tu, Bibi. Mpishi asiyeonja atapikaje?"

Nani wa kumsikiliza? Askari walimpeleka bomani. Jaha alisikia kiboko kikilia, akaziba masikio na mdomo akaufunga. Mwoga mkubwa!

Jioni Mrisho alirudi amefukuzwa kazi, shati limegandia mgongoni. Jaha alipoona damu ile alishindwa kuvumilia. Alikimbia hadi kwa Bibi Mdachi, akapiga magoti.

"Ni mimi, Bibi. Zambarau nilizila mimi, nikasugua ulimi."

"Mwambie mpishi aje kesho," Bibi akasema, akafunga mlango. Hata pole hakutuma.

Jaha alirudi analia. "Nisamehe, mjomba. Nimesema ukweli, na kazi umerudishiwa."

"Nilijua," alisema Mrisho, amelala kifudifudi. "Uliporudi na kikapu ulikuwa na majivu kidevuni."

"Mbona hukunitaja?"

"Ukachapwe wewe, na kijimwili hicho? Mimi nilinyamaza ili wewe upone. Wewe ulinyamaza ili nani apone?"

Jaha alichuchumaa kando yake.

"Kula kwa njaa nakusamehe, mwanangu. Lakini ukweli usemwe mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa kosa lako. Huu wa jioni umenirudishia kazi, ngozi yangu haukuirudisha. Haya, chemsha maji ya chumvi unikande."