Mtaro wa Harusi ya Milcah

Mtaa mzima ulikuwa ukiongea juu ya choo. Usicheke. Kama uliishi Nakuru wakati wa vyoo vya ndoo, unajua sababu. Sasa, mwaka wa 1958, manispaa ilikuwa inaleta mabomba ya maji machafu. Kontrakta alichimba mtaro mrefu, akalaza mabomba ndani yake.

Mtaro ulipita katikati ya ua wa mama mmoja, Chepkurui. Alifurahi, lakini alikuwa na wasiwasi. Binti yake Milcah alikuwa anaolewa Jumamosi. Wageni wangetoka Njoro kwa lori.

"Wakwe watatumbukia humu," alimwambia jirani yake Mugure. "Nitauficha wapi uso wangu?"

"Tufukie sisi," akasema Mugure. "Kwani mikono hii ni ya nini?"

Alhamisi asubuhi wanawake wakaja na majembe na nyimbo. Mwenzao akiwa na harusi, hawangoji kuitwa mara mbili. Mnyapara wa kontrakta aliwatazama, akatabasamu, akaenda kukaa kivulini. Kazi yake ilikuwa inafanywa bure. Kufika adhuhuri, mtaro ulikuwa umejaa udongo. Chepkurui akapanga mawe ya jiko juu yake, tayari kwa sufuria za harusi.

Mchana akaja Ngigi, inspekta wa manispaa, kwa baiskeli. Alitafuta mtaro, hakuuona.

"Nani amefukia?"

"Ni sisi," Chepkurui akajibu kwa fahari. "Tumewasaidia."

Ngigi akavua kofia. "Pole, Mama Milcah. Huenda tukafukua."

Chepkurui akapandwa na hasira. "Kafukue kwako. Mimi nina harusi keshokutwa."

Ngigi hakubishana naye. "Mama, kontrakta anajenga, manispaa inapima. Bomba likifukiwa kabla ya kupimwa, nani atajua fundi alifanya nini huko chini? Na hapa ndipo utakapopika. Tupime kwanza, halafu uamue mwenyewe."

Kila mwisho wa bomba ulikuwa na shimo lenye mfuniko. Ngigi akaziba bomba katika shimo la chini. Wanawake wakamimina maji kwa madebe katika shimo la juu. Ngigi akachora alama ya chaki pale maji yalipofika.

"Maji yakikaa hapa, bomba ni zima," akasema.

Chepkurui akainama kutazama. Maji yakaanza kushuka. Yalishuka polepole, lakini yalishuka.

"Mama, njoo uone jiko," Milcah akaita.

Udongo kati ya mawe ya jiko ulikuwa umelowa.

Chepkurui akaugusa udongo ule. "Kumbe yangekuwa maji ya choo," akasema. "Chini ya chakula cha mtoto wangu." Akashika jembe, akawa wa kwanza kufukua.

Walipofika chini, waliona mabomba mawili yameungwa kwa matope. Hapakuwa na simiti hata kidogo. Mnyapara akatoka kivulini mbio.

"Mvua inakaribia, tulikuwa na haraka," akasema.

"Rudia," Ngigi akamwambia. "Kazi hii haipokelewi mpaka maji yatulie."

Mugure akamgusa Chepkurui bega. "Mficha uchi hazai, mama. Afadhali tumefunua kabla ya wageni."

Mafundi waliunga upya kwa simiti, wakaiacha ikauke. Jumamosi asubuhi maji yakamiminwa tena. Mtaa wote ulizunguka lile shimo, hata Milcah akiwa na gauni lake jeupe. Chepkurui hakuondoa macho kwenye chaki. Walingoja. Maji yalitulia pale pale.

Vigelegele vikalipuka, na lori la Njoro likaingia likipiga honi. Mama mkwe wa Milcah akashuka, akauliza kwa nini watu wanashangilia shimo. Alipoelezwa, akafunga leso kiunoni, akaomba beleshi. Wakafukia pamoja, wakiwa na nguo za harusi, wakiimba.

Baadaye mtaro ukafika kwa Mugure. Mnyapara akaja na watu wake kufukia. Walimkuta Chepkurui amekaa juu ya rundo la udongo.

"Inspekta amepima?" akauliza.

"Bado, mama."

"Basi na mimi bado nimekaa."