Picha Namba Kumi na Saba

Kwa yeyote atakayesoma maandishi haya, awe mkubwa au mdogo, na ajue kwamba mimi, Tarsis Mgaya, ndiye Mtathmini Mkuu wa Kamera katika Nyanda zote za Juu Kusini.

Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Mwalimu Irine, mlezi wa klabu yetu ya gazeti la ukutani, alinichagua kwa sababu mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooshwa. Nao ulinyooshwa kwa sababu nilikuwa nasinzia, nikadhani wanagawa maandazi.

Shuleni kwetu, shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Njombe, siku zote zilianza namna moja: kengele, maji ya kuoga yanayouma kama siafu, sala, uji, darasa. Mimi niliitia chumvi kidogo ratiba hiyo, maana nina kipaji cha sauti. Naweza kulia kama kengele ya bweni, kama mlango wa stoo, hata kama pikipiki ya mkuu wa shule ikipanda kilima. Jumamosi moja nililia kama pikipiki hiyo, bweni zima likaruka kutoka vitandani na kuanza kufagia. Walipogundua, walinifagia mimi.

Kamera yenyewe ililetwa na Fundi Bashiru, mwenye studio ya picha Makambako, karibu na stesheni ya reli. Alikuja nayo katika mfuko wa kitambaa, akaiweka juu ya meza ya Mwalimu Irine kama mtu anayeweka yai.

"Huu ni mwili," alisema, akituonyesha kitu cheusi, chembamba, kinachoenea kiganjani. "Una betri, kitufe na kioo cha nyuma. Peke yake hauoni kitu. Macho yake ni haya." Akatoa vipande viwili vya mraba, kila kimoja na lenzi yake. "Kamera nyingine unabadilisha lenzi tu. Hii unabadilisha jicho zima, pamoja na ubongo wake. Unalitelezesha hivi mpaka lishike. Jicho la kwanza ni la milima na majengo. La pili ni la sura za watu."

"Ni nzuri, fundi?" aliuliza Mwalimu Irine.

"Sijui, mwalimu. Nimeinunua kwa mtu, jicho la pili halijawahi hata kutumika. Nataka kuanza kuwafuata wazee vijijini, niwapige picha majumbani kwao. Kijana wako anipimie macho yote mawili, aniandikie ukweli. Ikiwa mbovu, aseme mbovu."

Aliniachia pia karatasi ya maelezo. Niliikunja nikaitia kwenye mguu wa kitanda uliokuwa ukiyumba. Kitanda kilitulia kabisa, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo karatasi ile ilifanya.

Wiki ya kwanza nilipiga picha thelathini kwa jicho la kwanza: mpishi amelala juu ya gunia la maharage, kiranja akichokonoa pua, na mengine ambayo gazeti la ukutani halikuwa tayari kuyapokea. Kisha likaja likizo fupi, nikaenda nyumbani Kitandililo. Jicho la kwanza nililiacha sandukuni shuleni. Sikuona haja ya kubeba macho mawili wakati kichwani tayari ninayo mengine.

Jirani yetu alikuwa Bibi Lidia, bibi yake Oliva, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Si bibi yangu wa damu, lakini alinitania kama mjukuu.

"Kamwene, mume wangu," alinisalimia. Alikuwa ametoka kuchimba viazi, buti za mpira zimejaa udongo. "Umekuja na bunduki gani hiyo?"

"Kamwene, mke wangu. Ni kamera."

Alitua jembe. Aliitazama kamera, kisha akanitazama mimi, na utani ukamtoka usoni.

Hapa niwaeleze jambo. Kwetu, mtu akifariki, mjukuu hutangulia mbele ya jeneza akiwa amebeba picha ya marehemu. Wazee wengi hawana picha nyingine ila ile ya kitambulisho, basi hiyo ndiyo hupelekwa studio kukuzwa. Ndiyo maana wazee wetu huenda makaburini na sura za washitakiwa.

"Umemsahau mama yake Enoki?" aliuliza Bibi. "Mcheshi yule! Siku ya kumzika wakambeba amenuna kama aliyeibiwa kuku. Nikasema, Lidia, wewe hapana. Mimi nataka kwenda nikicheka. Hao wa simu wananipiga kila siku, simu zikifa na picha zinakufa. Wewe nipige ile ya karatasi."

"Unakwenda wapi kwani, Bibi?"

"Nakwenda kubadilisha nguo. Tulia hapo."

Alitoka amevaa kitenge cha akina mama wa parokia na kilemba chake, buti zile zile miguuni. Oliva alikuwa jikoni akichemsha viazi, moshi ukipita juu ya paa. Bibi aliketi kwenye kigoda, mikono magotini. Nilivalisha jicho la pili, nikainua kamera. Nikafanya uso wa mkuu wa shule anapoonja uji ulioungua.

Bibi Lidia akacheka. Kcha! ikasikika. Akacheka zaidi. Kcha! ikasikika tena.

"Nionyeshe," alisema, akijifuta machozi.

"Hii si simu, Bibi. Mpaka ipite kwa fundi."

"Imetoka vizuri?"

"Safi kabisa."

"Asante, mume wangu. Sasa hata nikiitwa kesho, sina deni la sura." Akaniletea viazi vitatu vya moto, vyenye chumvi.

Niliporudi shuleni niliandika ripoti ya kurasa mbili kwa mwandiko wa heshima. Kuhusu jicho la pili niliandika hivi: "Ni bora kuliko jicho la binadamu. Ushahidi ni picha namba kumi na saba, Bibi Lidia wa Kitandililo akicheka." Mwalimu Irine aliipigia muhuri wa klabu, ikapelekwa Makambako. Kamera ilibaki shuleni ikingoja fundi aje kuichukua.

Wiki tatu baadaye Mwalimu Irine alinitoa darasani. Alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili.

"Tarsis, Bibi Lidia amefariki jana. Homa ya mapafu. Mazishi ni kesho, na familia inasubiri ile picha. Chukua kamera na macho yake, twende Makambako."

Njia nzima niliinamisha kichwa. Mwalimu alidhani ni majonzi, akanishika bega. Majonzi yalikuwepo. Lakini ndani ya soksi yangu ya kushoto kulikuwa na kadi ya kamera, nami nilikuwa nikijifunza kimoyomoyo jinsi ya kusema kwamba imepotea.

Studio tulimkuta Fundi Bashiru na baba yake Oliva, Mzee Romanus, na Oliva mwenyewe amejifunga kanga kiunoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mzee alikuja asubuhi na kitambulisho nikikuze," alisema Fundi Bashiru. "Nikamwambia arudishe mfukoni, kijana ameshampiga mama akicheka. Haya, Tarsis, kadi."

"Imepotea, fundi."

Mwalimu Irine akageuka. "Imepotea lini? Mbona hukusema?"

Fundi Bashiru hakuuliza zaidi. Alichukua jicho la pili, akalipindua chini ya taa, akalitazama upande wa nyuma, pale linapogusana na mwili wa kamera. Kwa ukucha wake alibandua utepe mwembamba sana wa plastiki, akauweka mezani mbele yangu.

"Utepe huu huwekwa kiwandani kuzuia vumbi," alisema polepole. "Karatasi ya maelezo inasema uondolewe kwanza. Ukiwa hapa, mwili na jicho havisemezani." Akaurudisha utepe, akalivalisha jicho, akabonyeza kitufe. Kimya. Kioo kilikuwa cheusi kama chungu. "Jicho hili halijawahi kufunguka, mwanangu. Halijamwona mtu yeyote."

Mzee Romanus alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. "Tumeshawaambia watu," alisema. "Waombolezaji wote wanajua. Tumewaambia mama anakuja anacheka."

Nilivua kiatu mbele yao, nikatoa kadi kwenye soksi. Fundi alipoifungua kwenye kompyuta, picha zote zilikuwa zile thelathini za jicho la kwanza. Ya kumi na saba ilikuwa mpishi na gunia la maharage.

"Kamera ilikataa," nilisema. "Kioo kilikuwa cheusi. Niliona aibu kumwambia Bibi. Nilitaka kesho yake nilifuate jicho la kwanza shuleni nirudi nalo, halafu nikaenda kucheza mpira."

Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa nafuu. Mzee Romanus alitoa kitambulisho mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha fundi. Mashine ikaanza kufanya kazi, na uso wa Bibi Lidia ukatoka kidogo kidogo kwenye karatasi kubwa, kilemba kwanza, kisha macho, kisha mdomo uliofungwa.

"Tarsis," alisema Fundi Bashiru bila kuacha kuitazama mashine. "Kamera kukataa si kosa. Ningefurahi kusoma kwamba imekataa. Ningeuondoa utepe huu kwa ukucha, dakika moja, nawe ungerudi kwa mama ukampiga. Alikuwa na wiki tatu nzima za kupigwa picha. Kazi ya mpimaji ni kusema alichokiona, hata kama hakuona kitu. Ukisema umeona, sisi wengine tunaacha kutazama."

Kesho yake tulimzika. Oliva alitangulia mbele ya jeneza na ile picha, na Bibi akapita katikati ya watu wake amenuna. Nilisikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Si walisema anacheka?" Nilitazama viatu vyangu mpaka makaburini.

Baada ya mazishi nilikaa nyuma ya jiko lao nikiosha sufuria za msiba, kazi niliyoiomba mwenyewe. Oliva akaja, akasimama. Mwalimu Irine alikuwa karibu, akisuuza vikombe.

"Tarsis, kuna kitu sielewi," alisema Oliva. "Jana fundi alibonyeza kitufe, kamera ikakaa kimya. Lakini siku ile mimi nilikuwa humu jikoni. Nilisikia imelia. Mara mbili. Kcha, kcha."

Sufuria ikanitoka mikononi.

"Kamera haikulia," nilisema.

"Nilisikia."

"Ni mimi, Oliva. Nililia kwa mdomo. Nilijificha nyuma ya kamera, nikalia kama kamera ili Bibi asijue."

Nilidhani atanimwagia maji ya moto, nami nisingekwepa.

"Kwa hiyo alicheka kweli?"

"Alicheka kweli."

"Mimi sikumwona. Nilikuwa na moshi machoni." Sauti yake ikakatika. "Alichekaje?"

Mwalimu Irine aliweka kikombe chini, akaja kati yetu.

"Ulimdanganya mama mzima kwa kipaji ulichopewa bure," aliniambia. Hakupaza sauti. "Sasa sikiliza. Uongo huu hauwezi kurekebishwa, ila unaweza kukoma hapa. Kicheko kile hakiko kwenye kadi wala kwenye karatasi. Uliyebaki nacho ni wewe, mtu aliyesema uongo. Kiandike upya. Usiongeze hata meno."

Basi hii ndiyo ripoti ya pili, na ya kweli. Jicho la kwanza ni zima. Jicho la pili sikulipima. Fundi Bashiru alilipima mwenyewe, akasema ni zuri sana. Bibi Lidia wa Kitandililo alikuwa na meno mawili juu na matatu chini. Alipocheka alifumba macho, akaegemea nyuma mpaka kigoda kikainuka miguu ya mbele, akajipiga paja kwa mkono wenye udongo wa viazi, na buti zake zikagongana. Hakutoa sauti mwanzoni. Sauti ilikuja baadaye, nyembamba, kama ya msichana.

Na ile kcha ilikuwa yangu.